TUTUNZE VIATU VYETU VYA KITAMBAA



Mara hii sisi wa kundi la usafi tunataka kusema juu ya viatu vya kitambaa, vile tunaviitaka basketi. Kwa wengi wetu, viatu vya mchezo ni vile vile vya darasa na vya kanisa. Mzazi aliuzisha maharagi ao kuku juu mtoto apate jozi moja. Nayo ikikufa mbele ya trimesta kuisha, hakuna ingine. Njo maana jambo hili si dogo.

Kiatu kimefanywa na nini?

Juu ni kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa nguvu, sawa turubai. Chini ni mpira. Katikati iko kole inayovishikamanisha. Mpira wa mti, ukiwa hivi hivi, unalegea kwa joto na kuwa mgumu kwa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear alivumbua ya kwamba ukipashwa moto pamoja na sulfuri unakuwa imara. Lakini hata mpira ule unaharibiwa na jua kali la siku nyingi, na kole nayo inalegea karibu na moto. Basi tukumbuke: kitambaa hakiogopi maji, lakini mpira na kole vinaogopa moto.

Namna ya kufula

1. Matope yakiwa mabichi, hapana kuyapangusa. Ukipangusa unayaingiza ndani ya nyuzi. Uyaache yakauke, kisha gonga viatu kimoja na kingine inje ya nyumba, halafu pitisha burosi kavu.

2. Toa kamba na ile kitambaa ya ndani ya kukanyagia. Vifule pembeni. Kamba chafu inachafua tena kiatu kilichotakata.

3. Tia sabuni kidogo katika maji ya baridi ao ya uvuguvugu. Maji ya kuchemka hapana. Sugua na burosi ya meno ya zamani, polepole, ukizunguka. Kando ya mpira unaweza kusugua kwa nguvu zaidi. Usilaze viatu ndani ya ndoo usiku kucha, kole itaachia.

4. Suuza mara mbili ao tatu, mpaka maji yatoke safi. Wengi wanachoka hapa, nao wanashangaa kesho wakiona viatu vyeupe vimekuwa manjano. Ile manjano mara nyingi ni sabuni iliyobakia, inayotokea juu wakati maji yanakauka.

Udongo mwekundu na maji ya javel

Vumbi nyeusi ya volkano kule Goma inatoka na burosi. Lakini udongo mwekundu, kama ule wa Butembo ao wa Lubumbashi, ni shauri lingine. Wekundu wake ni kutu ya chuma. Wengi wanakimbilia javel, na doa halitoki, tena linaweza kushika zaidi. Kwa kutu inafaa asidi: kamua ndimu, changanya na chumvi kidogo, paka juu ya doa, ngoja nusu saa, kisha suuza vizuri. Fanya hivi kwa viatu vyeupe tu. Kwa vile vya rangi, jaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Javel ilipata jina lake kutoka Javel, mahali karibu na mji wa Paris walipokuwa wakiitengeneza katika karne ya 18. Inafanya weupe, ni kweli, lakini inakula nyuzi za pamba na kutoa rangi. Ukiitumia mara kwa mara, kiatu kitapasuka pale vidole vinapokunjika.

Na hapa tusikilizane vizuri, juu neno hili linapita neno la viatu: JAVEL NA NDIMU HAVICHANGANYWI HATA SIKU MOJA. Na siki vile vile. Asidi ikikutana na javel inatoka hewa ya klori, inayochoma macho na mapafu. Ni hewa ile ile Wajerumani waliyotumia kama silaha kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Mtu anayeifanya ndani ya chumba cha kuogea kilichofungwa anaweza kufa. Wadogo wa mwaka wa kwanza waambiwe vile vile.

Kukausha

Hapana kuweka viatu karibu na mbabula, hata kama kesho iko mchezo. Jaza ndani karatasi za daftari la zamani, uzibadilishe zikilowana. Kama ni vyeupe, vifunike na karatasi nyeupe nyepesi: maji yakipanda, yanaacha manjano juu ya karatasi, si juu ya kiatu. Karatasi ya gazeti hapana, wino utabakia. Weka mahali penye upepo na kivuli. Katika majira ya mvua inaomba siku mbili, basi ufule siku ya Ijumaa jioni, si Jumapili usiku.

Wengine wanapaka chaki. Chaki inafunika uchafu, haiutoi, na mvua ya kwanza inatangaza yote. Tena chaki ile ni ya mwalimu.

Harufu

Wote tunaolala interna tunajua shauri hili. Jasho peke yake halinuki sana. Vijidudu vidogo vinavyoishi juu ya ngozi na ndani ya kiatu chenye maji-maji njo vinavyotoa harufu. Basi dawa ni ukavu. Kila jioni fungua kamba, toa kitambaa cha ndani, acha kiatu kipumue. Funga makala ndani ya kitambaa kidogo, uweke ndani usiku. Osha miguu, na upanguse vizuri katikati ya vidole. Tena tusiazimane viatu bila sababu: ugonjwa wa ngozi unaofanya vidole viwashe unapita kwa njia hiyo.

Mwisho, ukiona tundu dogo, ulishone leo na uzi wa nguvu. Kesho litakuwa mlango, na mshona viatu ataomba feza. Na ukiona ndugu yako ana viatu vilivyoraruka, usimcheke. Mwonyeshe namna hii, na kama una sindano, mpe.