Tahadhari Inapofika Mwaloni

Ziwa Victoria, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800 linalogawanywa na Tanzania, Uganda na, kwa sehemu ndogo, Kenya, huzaa dhoruba zake kali zaidi usiku. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani na mawingu ya radi yakajikusanya juu ya vilima. Usiku nchi kavu hupoa, pepo za pande zote zikaelekea ziwani na kukutana juu ya maji yaliyohifadhi joto, ambako hewa yenye unyevu hupanda na kuleta radi na upepo mkali hadi karibu na alfajiri. Saa hizo ndizo ambazo wavuvi wa dagaa, wanaotegemea usiku wa giza ili taa zao zivute samaki, huwa mbali na mwalo, yaani ufukwe wa kuegeshea mitumbwi.

Kwa hiyo utabiri, hata ukiwa sahihi, ni nusu ya kazi; nusu nyingine ni kuufikisha kwao kabla hawajatoka. Mradi wa HIGHWAY, uliofadhiliwa na Uingereza na kuratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kuanzia mwaka 2017, ulizikutanisha mamlaka za hali ya hewa za ukanda huu, kwa kuwa radi haisimami mpakani kugongewa muhuri, na kuziunganisha na redio za jamii pamoja na vikundi vya usimamizi wa fukwe, maarufu kama BMU, ambavyo wanachama wake ni watu wa mwaloni wenyewe. Huo ndio ushirikiano wa sekta mtambuka, yaani taasisi zenye kazi tofauti kufungana katika mnyororo mmoja: mtaalamu akisoma mawingu, mtangazaji akiyaeleza kwa lugha ya mvuvi, na kiongozi wa mwalo akiwahi mitumbwi kabla haijatoka.

Hata hivyo, mipango mingi humweka mvuvi mwishoni mwa mnyororo, kama mpokeaji tu, ilhali maafa yanapotokea yeye ndiye wa kwanza kufika. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege yenye watu 43 ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walinusurika na 19 wakafariki. Ustahimilivu, yaani uwezo wa jamii kuhimili pigo na kusimama tena, ulikuwepo ufukweni, ingawa ulikosa vifaa na mafunzo.

Liko pia jambo ambalo utabiri wa hali ya hewa hauwezi kulitatua. Mvuvi anayetii tahadhari hupoteza mapato ya usiku mzima, na asipokuwepo mshirika wa fedha, awe chama cha akiba au kampuni ya bima, hasara hiyo huibeba peke yake. Siku za giza katika mwezi zina kikomo, na mbalamwezi haiahirishwi kwa sababu ya dhoruba.