Alama za Matairi Zasomeka kwa Hesabu

Ndugu askari, asomaye fizikia baada ya zamu huenda akauliza: hesabu hizi zina faida gani? Twajibu kwa mfano.

Gari laenda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde. Breki zapunguza mwendo huo kwa mita 5 kila sekunde. Litasimama baada ya sekunde 4. Kwa kalkulasi twajumlisha vipande vidogo vya safari, twapata mita 40. Lingekwenda nusu ya mwendo huo, zingetosha mita 10. Mwendo ukiwa maradufu, umbali wa kusimama huwa mara nne!

Hivyo askari apimaye alama za matairi, akiujua na msuguano wa barabara, hukadiria mwendo wa dereva, na haki ya marehemu haipotei. Basi tushike daftari.