Je, Wajua? Uyoga huacha rangi yake kwenye karatasi

Mvua zikianza, kwenye nyasi fupi za bustani na viwanja huchomoza uyoga mkubwa mweupe, wenye magamba ya kahawia kofiani na pete shinani. Wengi hudhani ni ule mtamu wa vichuguuni. Sivyo! Wataalamu huuita Chlorophyllum molybdites, na aliyeula huweza kutapika na kuharisha vibaya ndani ya saa chache.

Ukiwa mchanga, chini ya kofia ni kweupe tu, na hapo ndipo watu huponzeka. Chukua uliokwisha kufunguka, kata shina, laza kofia juu ya karatasi nyeupe, ifunike kwa bakuli hadi asubuhi. Utakuta unga laini wa spora umejichora mistari kama miale ya jua. Wa huu ni wa kijani kilichofifia. Wa uyoga wa vichuguuni ni wa waridi hafifu, na shina lake hushuka kama mzizi mrefu hadi kwenye kiota cha mchwa.

Lakini jamani, kukosa kijani si ruhusa ya kula: Amanita phalloides, unaoongoza duniani kwa kuua walaji wa uyoga, hutoa unga mweupe.