Ombeni Hataza Kwanza, Mtandaoni Baadaye

Chukulia wewe na mshikaji wako hapa Mkuyuni mmebuni mtambo wa kukaushia dagaa hata mvua ikinyesha, na unafanya kazi kweli. Kabla ya kuurusha WhatsApp, subirini kidogo.

Hataza ni haki ya kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza uvumbuzi wako bila ruhusa, kwa muda uliowekwa kisheria. Tanzania Bara inatolewa na BRELA chini ya Sheria ya Hataza ya mwaka 1987. Uvumbuzi uwe mpya, usiwe kitu ambacho fundi yeyote angekibuni kirahisi, na uweze kutumika kwenye uzalishaji. Wazo la kichwani tu halitoshi. Mtambo uelezwe kwa maandishi na michoro.

Shida kubwa ipo kwenye hilo neno “mpya”. Mkishauanika hadharani, mnaweza kupoteza sifa hiyo. Tena, watu wawili wakibuni kitu kilekile kila mmoja kivyake, haki ni ya aliyetangulia kuomba.

Hataza ya BRELA haivuki mpaka. Mkitaka na Kenya na Uganda, ARIPO ya Harare inapokea ombi moja kwa nchi kadhaa.

Kwa hiyo kubalianeni nani ni wavumbuzi, andikeni, ombeni, halafu ndo mjitangaze.