Kubadilika na Kugeuka: Mikoko ya Hori la Port Reitz

Kitenzi "kubadilika" hubebeshwa maana mbili ambazo mtaalamu wa mimea hulazimika kuzitenganisha. Ya kwanza ni mmea mmoja kujirekebisha katika uhai wake; ya pili ni sifa ya kurithi kuenea zaidi katika vizazi vinavyofuata. Hii ya pili ndiyo mageuko. Ajabu kidogo kwamba lugha iliyotenga mchu, mlilana na mkandaa kwa majina hukitwika kitenzi kimoja mzigo huu wote.

Uchukuliwe mchu kuwa mfano. Ulio kando ya maji hurefuka. Ulio nyuma, kwenye uwanda wa chumvi kali, aghalabu hudumaa. Je, huo uliodumaa umegeuka? Jawabu halipatikani kwa kuutazama. Sharti mbegu za miti yote miwili zioteshwe pamoja katika udongo mmoja. Miche ikilingana kimo, udumavu ulitokana na mazingira. Ikitofautiana, yamkini upo urithi.

Jaribio la namna hiyo lilifanyiwa haradali ya mwituni huko California, Marekani. Mbegu zilizokusanywa mwaka 1997, kabla ya ukame wa miaka kadhaa, zilioteshwa pamoja na za mwaka 2004. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba uzao wa baada ya ukame ulichanua mapema zaidi: mimea iliyochelewa kuchanua ilikaukiwa na ardhi kabla ya kuzaa vya kutosha. Miaka saba ilitosha, kwa kuwa haradali hiyo huota, huzaa na kufa ndani ya mwaka mmoja.

Mkoko hauna wepesi huo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha tope kwa mto Mwache hadi hori la Port Reitz, mizizi ya kupumulia ikafukiwa, na miti mingi ikafa ingali imesimama. Mageuko, kama yatakuwapo, hayana pa kuanzia ila kwa miti iliyonusurika, tena ile iliyonusurika kwa sifa inayorithika, si kwa bahati ya kuwa mbali na tope. Kila mti wa aina hiyo ukatwao kwa boriti au kuni huondoka na uzao wake. Nao upandaji wa mikoko aghalabu husifiwa kwa idadi ya miche. Ni nadra kuulizwa miche hiyo iliangushwa na mti upi.