Utangulizi: Mmea Ulio Chini ya Miguu Yetu

Somo la kwanza la elimu ya mimea liko Riruta, Nairobi. Mvua za masika zikishanyesha, inama penye nyasi ya kikuyu ambayo bado haijafunikwa na lami. Ukibahatika, utakuta humo klova nyeupe ya Kenya, ambayo wataalamu huiita Trifolium semipilosum.

Ni mmea wa jamii ya kunde, ndugu wa maharagwe na mbaazi, ila haupandwi na mtu na haufi msimu ukiisha. Mzizi wake mkuu huzama chini sana, na ndio unaouvusha kiangazi. Mashina hutambaa na kutoa mizizi kwenye vifundo, kwa hiyo hata ng'ombe akiyala, mmea huchipua upya. Kila jani lina vijani vitatu, mara nyingi vyenye alama nyeupe. Geuza kimoja utazame chini yake: mara nyingi nywele ziko nusu moja tu. Ndiyo maana mtaalamu wa mimea Fresenius, aliyeupa jina mwaka 1839, aliuita "wenye nywele nusu". Maua ni meupe au ya waridi hafifu, yamekusanyika pamoja kama kishada.

Makao yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, penye baridi kiasi na mvua ya kutosha. Riruta, yenye udongo mwekundu na mwinuko wa takriban mita 1,800, inaufaa.

Sasa ng'oa mche mmoja taratibu, uoshe mizizi. Utaona vinundu vidogo. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, bakteria wamo kazini, wakigeuza nitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Bakteria hao nao wana uchaguzi. Waaustralia walipoifanya klova hii malisho, wakaiita Safari, waligundua kwamba bakteria wa klova ya Ulaya hawaifai. Ilihitaji wale wa kwao Afrika.

Mwaka 1971 mtaalamu wa mimea J. B. Gillett na wenzake walichapisha katika kitabu kikubwa maelezo ya mimea ya jamii ya kunde ya Afrika Mashariki, klova hii ikiwemo, na vielelezo vya mimea vimehifadhiwa Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa. Lakini huko nje, kila nyumba mpya ya Riruta hupunguza nyasi ambamo mmea huu huota. Basi anza leo: chukua daftari, andika mahali, tarehe na ulichokiona.