Mvua Kubwa, Mvua Nzito: Kupima Usahihi wa Maneno Yanayoandamana

Mwanafunzi wa sekondari wa Tibirinzi, Chake Chake, anapotakiwa kuandika insha ya Kiingereza juu ya masika, ana kila sababu ya kuandika "big rain". Lugha yake ya kwanza imemfunza kwamba mvua ya masika ni mvua kubwa, na skuli imemfunza kwamba "kubwa" ni "big". Mwalimu hupiga mstari kwa wino mwekundu na kuandika "heavy" juu yake. Mwanafunzi akiuliza sababu, aghalabu hujibiwa kwamba Waingereza hawasemi hivyo. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halielezi hukumu imetoka wapi wala mpaka wake uko wapi.

Hukumu haikutoka katika sarufi, kwani kivumishi na nomino vimekaa mahali pake. Wala haikutoka katika maana, kwani mvua haitiwi mizanini hata ikaitwa nzito. Kilichokiukwa ni mazoea ya maneno kuandamana. J. R. Firth wa Chuo Kikuu cha London aliyapa mazoea hayo nafasi katika nadharia ya maana mwaka 1951. Mwaka 1966 mwanafunzi wake, M. A. K. Halliday, alionesha kwamba chai kwa Kiingereza huwa "strong" lakini haiwi "powerful", ingawa maneno hayo mawili yanakaribiana sana kimaana.

Kiswahili nacho kina mazoea yake. Msemaji hupiga simu, pasi na picha pasipo kumpiga mtu. Hula kiapo pasipo kutafuna kitu. Na aliyezama huambiwa amekufa maji. Anayesema "nitafanya simu" hakuvunja kanuni yoyote ya sarufi, ila kila amsikiaye humjua kuwa ni mgeni wa lugha.

Ikiwa kipimo ni mazoea, basi ni mazoea ya nani? Masika yenyewe yanatoa jibu. Katika Kiingereza cha Afrika Mashariki, masika huitwa "long rains" na vuli "short rains". Kwa sikio la mtu wa London asiyewahi kufika huku, mvua kuwa "ndefu" ni jambo geni. Hata hivyo, maneno hayo yameenea katika taarifa za hali ya hewa na katika maandishi ya wanasayansi wa nchi mbalimbali kuhusu mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Disemba. Haja ya kutaja misimu ambayo Uingereza haina iliyaunganisha. Matumizi ya wengi yakayahalalisha.

Kamusi nazo hazikati shauri peke yake. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Baraza la Kiswahili la Zanzibar likatoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010. Kabla msomaji hajafunua ukurasa, majalada mawili yameshahitilafiana baina ya "kamusi ya" na "kamusi la", na kila moja lina wasemaji wanaoliunga mkono.

Kwa hiyo, anayehukumu maneno yasiyozoeleka hana budi kuuliza mambo matatu. Je, sarufi inayaruhusu? Nani huyasema pamoja, na katika muktadha gani? Je, yanasema jambo ambalo maneno yaliyozoeleka hayalisemi? "Big rain" hupita swali la kwanza, lakini katika insha ya mtihani hukwama katika la pili, na halina la kujitetea katika la tatu, kwani "heavy rain" limeshalisema. "Long rains" hupita yote.

Wino mwekundu, basi, haukukosea. Uliokosa ni ufafanuzi. Mwanafunzi aliyeambiwa tu kwamba Waingereza hawasemi hivyo ataliogopa hata "long rains", neno lililozaliwa kwa ajili ya mvua ya kwao. Aliyefafanuliwa atasahihisha insha yake, na bado atajua kwamba kwa Kiswahili mvua ile ni kubwa.